Bata Mwitu, Kamera na Somo la Sayansi

Miongoni mwa zana zote za kufundishia tunazowahimiza wanachuo kuzitengeneza, hakuna inayosifiwa kwa wepesi na kuchunguzwa kwa uvivu kama picha. Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha huambiwa asiingie darasani mikono mitupu, naye huitii amri hiyo kwa kutundika picha ubaoni. Msimamizi huiona, huweka alama ya vema katika fomu yake, na shauri limekwisha. Hakuna aulizaye picha ile ilitoka wapi, inajibu swali gani, na kama jambo inalomfundisha mtoto ni la kweli au la uongo. Katika makala hii nakusudia kuyauliza maswali hayo kwa mfano mmoja tu, nao ni picha ya bata mwitu akiwa majini. Nimemchagua bata kwa sababu hupatikana karibu kila penye bwawa, lambo, mto upitao polepole au shamba la mpunga katika Afrika ya Mashariki. Tena kwa sababu ni ndege ambaye chati zetu zimemkosea kuliko wengi.

Chukua chati ya ndege itundikwayo katika madarasa yetu. Nimeziona nyingi, na bata aliyechorwa humo karibu daima ni yule yule: dume mwenye kichwa cha kijani king'aacho na pete nyeupe shingoni, na kando yake jike mwenye madoadoa ya hudhurungi. Ndege huyo yupo kweli. Wanasayansi humwita Anas platyrhynchos, na makao yake ni nchi za kaskazini, Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, naye ndiye babu wa karibu aina zote za bata wafugwao duniani. Lakini mtoto wa Hombolo au wa Mwea aweza kukaa ukingoni mwa maji miaka yote ya utoto wake asimwone hata mmoja. Bata anaowajua mtoto huyo ni wa namna mbili. Wa kwanza yuko uani kwao: ndege mzito, mwenye vinundu vya nyama nyekundu usoni, atembeaye kana kwamba nyumba ni yake. Huyo, jambo la kustaajabisha, si wa Ulaya wala si wa Afrika. Ni Cairina moschata, aliyefugwa kwanza na wenyeji wa Amerika ya Kati na ya Kusini kabla Wazungu hawajafika huko. Wa pili ni bata mwitu wa bwawani, naye ndiye mwenyeji halisi, na ndiye asiyekuwamo katika chati.

Huenda mtu akasema kuwa bata ni bata, na kwamba mtoto wa darasa la tatu hahitaji zaidi ya mdomo bapa na miguu yenye utando. Nakataa. Picha ile haifundishi mdomo na miguu tu. Inafundisha pia, bila mwalimu kutamka neno, kwamba kwa bata dume ndiye mwenye rangi za kupendeza na jike amefifia. Mtoto huichukua kanuni hiyo akaenda nayo bwawani, na huko humwangusha. Kwa wengi wa bata wetu dume na jike hufanana hata mtaalamu hupata taabu kuwatenganisha kwa macho. Ndivyo alivyo bata mweupe usoni apigaye mbinja, Dendrocygna viduata. Ndivyo alivyo bata mwenye mdomo wa manjano, Anas undulata, na mwenzake mwenye mdomo mwekundu na utosi mweusi, Anas erythrorhyncha. Ndivyo alivyo bata mkubwa wa Misri mwenye kiraka cha hudhurungi kuzunguka jicho. Wapo wanaotofautiana, kama yule ambaye dume wake ana nundu kubwa juu ya mdomo, na yule mdogo mno akaaye katikati ya mayungiyungi. Basi kanuni ya kweli katika maji yetu ni kwamba baadhi hutofautiana na wengi hawatofautiani, na mtoto aliyefundishwa kinyume chake atawatazama bata thelathini wanaofanana na kusema kuwa wote ni majike. Nami nimelisikia jibu hilo, likatolewa kwa ujasiri mkubwa, na mwanachuo aliyekuwa akifundisha akaliandika ubaoni.

Isitoshe, hata dume wa Ulaya havai manyoya yake ya kijani mwaka mzima. Baada ya majira ya kuzaliana huyapukutisha, akakaa miezi kadhaa akifanana na jike. Chati haisemi hivyo. Chati haijui majira.

Kwa hiyo natetea picha ya bata wa hapa hapa, iliyopigwa na mwalimu mwenyewe katika maji yaliyo karibu na shule. Zamani maneno kama haya yangechekwa, na kwa haki. Kamera ilikuwa mali ya wachache, filamu ilitoa picha thelathini na sita tu, na kuisafisha kulihitaji safari ya mjini na fedha ambazo mshahara wa mwalimu haukuwa nazo. Leo walimu wengi wana simu yenye kamera mfukoni. Kikwazo cha gharama kimepungua, na mahali pake kimeingia kingine ambacho ni cha hatari zaidi kwa kuwa hakionekani: picha imekuwa rahisi hata hatufikirii tena inatumika kwa kazi gani.

Yafaa tukumbuke kazi hiyo ilikuwa nini kwa waliotangulia. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walitoa mwaka 1895 kitabu kuhusu viota vya ndege wa nchi yao, kikiwa na picha za kamera mahali pa michoro. Ili wawakaribie ndege bila kuwashtua walitengeneza ng'ombe wa bandia, fremu iliyovikwa ngozi, mmoja wao akaingia ndani na kamera yake. Cherry alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1909. Kabla yake Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa amekwisha kupiga picha za wanyama usiku katika nchi ambayo sasa ni Tanzania bara, kwa mmweko wa unga uwakao, akazichapisha katika kitabu mwaka 1905. Lakini mfano unaomfaa mwalimu zaidi ni wa Emma Turner, mwanamke aliyekaa miaka mingi katika mabwawa ya matete ya Norfolk, mashariki ya Uingereza, tena kwa muda mrefu akiishi ndani ya mashua. Katika nchi hiyo palikuwa na ndege mmoja wa matete, mwenye shingo ndefu na sauti nzito, aliyekuwa ameacha kuzaliana huko tangu mwishoni mwa karne ya 19. Watu walisikia sauti yake tena, lakini sauti si ushahidi wa kiota. Mwaka 1911 Turner alipata kinda katikati ya matete na kulipiga picha. Tangu siku hiyo hapakuwa na haja ya kubishana.

Hapo pana fundisho la kimbinu ambalo sisi tumelisahau. Picha ya Turner ilikuja baada ya swali. Palikuwa na ubishi, watu wakawa na rai mbalimbali, na picha ikaja kuuamua. Sisi hufanya kinyume: huanza na picha, tukaitundika kabla mtoto hajajiuliza lolote, kisha tukamuuliza, "Mnaona nini?" Naye hujibu, "Bata," na hakika hakuna jibu jingine ambalo angeweza kulitoa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua wenzangu wengi hawatakubaliana nami. Maoni yangu ni kwamba darasa liende bwawani bila kamera, na kamera iende bwawani bila darasa.

Wapo walimu wa siku hizi wasemao kwamba mtoto mwenyewe ndiye apewe simu apige picha, kwa kuwa mafunzo ya vitendo ndiyo bora. Nia yao ni njema, lakini hesabu yao ni mbovu. Darasa la watoto sitini lina simu moja, ya mwalimu. Mtoto mmoja hupiga picha, wanane humzunguka wakingojea zamu, na hamsini na mmoja waliobaki humtazama yule mmoja. Hakuna amtazamaye bata. Na bata, kwa upande wake, amekwisha kuruka. Hata yule aliyeshika simu hakumwona ndege, aliona kioo. Bata aliye umbali wa mita hamsini ni doa katika kioo cha simu, na mtoto hujitahidi kulikuza doa hilo kwa vidole, ilhali kukuza kwa namna hiyo hakumleti ndege karibu bali humega picha tu na kuitia ukungu. Macho yake matupu yangeona mengi zaidi: kwamba bata mmoja ameinua mkia juu na kichwa chake kimo majini, kwamba mwingine amezama kabisa na kuibuka mahali pengine, kwamba wawili wanafuatana, kwamba upepo ukivuma wote huelekeza midomo upande mmoja.

Mtoto na aende na penseli, karatasi na ubao mdogo wa kuegemeza. Achore. Hapana haja mchoro uwe mzuri. Anayechora mkia hulazimika kuamua kama mkia umeinuka au umelala. Anayechora mstari wa maji hulazimika kutazama ni sehemu gani ya mwili iliyozama. Kamera haimlazimishi mtu kuamua lolote, na hilo ndilo kosa langu nayo kama chombo cha mwanafunzi. Darasa ligawanywe katika makundi ya watoto kumi au kumi na wawili, kundi moja kwa siku ikibidi, wakae chini kimya mbali na ukingo. Dakika ishirini zatosha.

Narudia: mbali na ukingo. Maji matamu yaliyotulia, mifereji ya mpunga na malambo ni makao ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu mzima wa afya kwa muda mfupi tu wa kukanyaga maji. Katika maji mengi yetu kuna mamba, na katika mengine viboko, ambao mchana hulala wakionekana kama mawe. Hakuna picha wala somo linaloruhusu mtoto atumwe kuingia majini kumfukuza bata aje upande huu. Mwanachuo atakayefanya hivyo katika mazoezi, mimi nikiwa msimamizi, somo lake litakwisha papo hapo, hata kama andalio lake limeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Mwalimu naye aende peke yake, au na mwenzake mmoja, alfajiri. Mambo ya kuzingatia si mengi, ila yana sababu, na sababu zenyewe ni sehemu ya sayansi atakayoifundisha. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta jua hupanda upesi. Ifikapo saa tatu asubuhi mwanga tayari unatoka juu, na tumbo la ndege limeingia kivulini. Saa moja hadi saa mbili na nusu ndio wakati wake. Jua liwe mgongoni mwa mpiga picha, la sivyo maji yatang'aa kama bati na bata atageuka kivuli cheusi. Upepo pia, ikiwezekana, uwe mgongoni. Bata aliye juu ya maji hupenda kuukabili upepo, kwa kuwa manyoya yake yamelala kuelekea nyuma na upepo wa kisogoni huyafumua. Na anaporuka, hurukia upande utokako upepo. Kwa hiyo mwenye upepo mgongoni hutazamwa na bata usoni, na mwenye upepo usoni hupiga picha za mikia. Nimeona albamu nzima ya mikia.

Kisha mpiga picha ashuke. Aliyesimama juu ya tuta humpiga bata kutoka juu, na picha huonyesha mgongo na maji tu. Akilala kifudifudi kwenye nchi kavu, lenzi ikiwa karibu na usawa wa maji, ataona mdomo, jicho, na ule mstari ambapo mwili hukutana na maji, yaani mambo yale yale ambayo mtoto atahitaji kuyahakikisha. Kuhusu mwanga, kamera haina akili ya kujua kuwa mbele yake kuna uso mweupe na shingo nyeusi. Huchukua wastani wa mwanga wote, na kwa kuwa maji ni ya giza, huzidisha mwanga hata uso mweupe wa bata wa mbinja ukawa karatasi tupu isiyo na jicho. Dawa yake ni kupunguza mwanga kidogo. Katika simu nyingi hufanywa kwa kugusa kioo pale penye weupe na kuburuta kidole chini. Mwenye darubini ya kawaida aweza kuiegemeza lenzi ya simu kwenye kioo kimoja cha darubini akapata bata mkubwa kiasi cha kutosha, ingawa pembe za picha zitakuwa na giza. Ni kazi ya subira, mkono ukitikisika kidogo tu ndege hutoka nje ya duara.

Lakini ujuzi mkubwa kuliko wote ni kungoja. Wanaowafuata bata hawawapati. Wanaoketi karibu na matete bila kujitikisa hujiwa. Na bata wenyewe humwambia mtu afikapo kikomo: huacha kula, huinua vichwa, shingo husimama wima, na wale wa mbinja huanza kuitana. Hapo mpiga picha hana budi kusimama, na bora arudi nyuma, kwa sababu hatua ifuatayo ni kuruka. Kuruka kwa ndege si jambo dogo kama tunavyodhani. Bata aliye kwenye mayai akiruka huyaacha juani, na kunguru anatazama. Tena bata hupukutisha manyoya yote makubwa ya mabawa kwa mara moja, hata kwa majuma kadhaa hawezi kuruka kabisa. Kumfukuza wakati huo ni kumnyima njia pekee ya kujiokoa. Kwa hiyo viota visipigwe picha, na bata anayepiga mabawa juu ya maji bila kuinuka aachwe.

Basi mwalimu ana picha zake, na watoto wana michoro yao. Sasa ndipo mambo mawili hukutana darasani, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo somo lilipo.

Picha zisitolewe mwanzoni. Michoro ibandikwe ukutani kwanza, na bila shaka itapingana. Mmoja amechora bata mwenye mdomo mwekundu, mwingine mweusi. Mmoja amechora mkia juu na kichwa ndani ya maji, na jirani yake anasema bata huyo alikuwa amekufa. Mwalimu asiamue. Aandike ubishi ubaoni kama maswali: Je, bata aliyeinua mkia anafanya nini? Wapo wanaozama mzima mzima? Ni aina moja au mbili? Baada ya hapo ndipo alete picha, moja kwa kila swali. Picha ya bata aliyepinduka nusu, mkia ukielekea mbinguni na miguu ikionekana nyuma, huonyesha ndege anayefikia chakula cha chini kwa urefu wa shingo yake, bila kupiga mbizi. Hapo mtoto mwenyewe hugundua kuwa bata wa namna hiyo hawezi kula penye kina kirefu, na kwamba ndiyo sababu alikuwa ukingoni wala si katikati. Hilo halikuwamo katika picha. Limetokana na picha na mchoro na ubishi kwa pamoja.

Yapo maswali ambayo picha haiwezi kuyajibu, na ni wajibu wa mwalimu kuyaonyesha pia. Picha haina ukubwa. Bata wa mayungiyungi, aliye miongoni mwa wadogo kuliko wote duniani, na bata bukini mwenye mwiba bawani, aliye mkubwa kuliko wote katika Afrika, huwa sawa kwenye karatasi. Picha haina usiku. Jambo hili ni zito mahali penye mpunga. Bata wa mbinja hula zaidi usiku, na mchana hukaa makundi makundi ukingoni wakipumzika. Picha zote za mwalimu, zilizopigwa asubuhi, zitaonyesha ndege waliosinzia. Mtoto wa mkulima, ambaye baba yake hukesha akipiga madebe kulinda mpunga, anajua kuwa ndege hao hawasinzii, na anayo haki ya kumpinga mwalimu. Na apewe nafasi. Kwake yeye bata mwitu ni mwizi au ni kitoweo, na mwalimu anayeingia na picha nzuri za ndege wazuri bila kuigusa habari hiyo atasikilizwa kwa adabu na kusahauliwa jioni.

Tusidhani kuwa hilo ni jambo la nadharia. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi ya Kenya, ilionekana mwishoni mwa miaka ya 2000 kwamba ndege wa majini walikuwa wakiuawa kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan, kisha nyama yao ikauzwa na kuliwa. Sumu ile haikuchagua kati ya ndege na mlaji. Mtoto anayejua ni ndege gani aliye shambani, anakula nini, na saa ngapi, ana neno la kusema nyumbani wakati wa kuamua kama mpunga ulindwe kwa madebe au kwa sumu. Kwa sababu hiyo nasisitiza bata wa hapa na wala si yule wa kichwa cha kijani: hakuna baba atakayeshauriana na mwanawe juu ya bata wa Ulaya.

Shule isiyo na umeme wala mashine ya kuonyeshea picha isivunjike moyo. Kupitisha simu mkono kwa mkono katika darasa la sitini ni kupoteza kipindi. Njia ya zamani ya miraba ingali bora. Picha moja isafishwe mjini kwa ukubwa wa karatasi ya daftari. Ichorwe miraba ya sentimita mbili mbili kwa penseli. Kisha karatasi ya manila ichorwe miraba hiyo hiyo kwa sentimita kumi kumi, na kila mraba unakiliwe peke yake. Anayejidai hawezi kuchora atashangaa. Zaidi ya hayo, kazi ya kunakili wapewe watoto wa darasa la sita, kila mmoja mraba wake, nao watakuwa wamejifunza uwiano wa moja kwa tano bila kulalamika. Chati itakayopatikana ni ya bata wa bwawa lao, na haitauzwa dukani popote.

Picha ya kundi kubwa ina faida nyingine katika hisabati. Kila mwezi Januari, tangu mwaka 1967, ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za dunia, na wahesabuji mara nyingi hukabiliwa na makundi yasiyohesabika kwa kidole. Hukadiria. Watoto nao wagawe picha katika miraba ishirini, wahesabu bata katika mraba mmoja na kuzidisha. Kila mmoja atapata jibu lake, kwa kuwa bata hawakukaa kwa usawa. Aliyechagua mraba mtupu atasema bwawa halina ndege. Kisha wahesabu miraba mitano na kutafuta wastani, halafu wahesabu picha nzima. Sijapata kuona njia iliyo nyepesi kuliko hiyo ya kueleza wastani ni wa nini.

Nyuma ya kila picha yaandikwe mahali, tarehe, saa na jina la aliyepiga. Siku hizi kompyuta hutunga picha za ndege ambao hawajapata kuwako, zenye rangi za kuvutia kuliko za kweli, na mwanachuo mwenye haraka huzichukua kwa kuwa hazimgharimu kuamka alfajiri. Picha isiyo na mahali wala saa isiingie darasani. Wala mwalimu asizidishe rangi za picha yake mwenyewe ili ipendeze. Mdomo wa bata ukiwa wa manjano iliyochafuka na matope, ubaki hivyo, kwani mtoto aliuona hivyo.

Limebaki suala la wakati. Bata wenyeji hupatikana mwaka mzima, ingawa husafiri kufuata mvua, na bwawa lililojaa leo laweza kuwa tupu baada ya majuma mawili. Lakini wapo wageni watokao Ulaya na Asia, kama yule mwenye mdomo mpana mfano wa kijiko na yule mwenye mkia mrefu uliochongoka, wanaoanza kufika mwezi Oktoba na kuondoka Machi au Aprili. Mwanachuo atakayependa kuwaweka wenyeji na wageni katika somo moja na aliandike katika azimio la kazi la muhula wa kwanza, tena majuma ya mwanzo, na aende kulikagua bwawa kabla shule hazijafunguliwa.